Hati Zinazoimbwa: Muziki na Maneno katika Opera ya Doctor Atomic

Tarehe 16 Julai 1945, saa 11 na dakika 29 alfajiri, bomu la kwanza la atomu lilipasuliwa katika jangwa la jimbo la New Mexico, Marekani, mahali palipopewa jina la Trinity, yaani Utatu. Majuma matatu baadaye bomu la atomu liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima, tarehe 6 Agosti, na jingine juu ya Nagasaki tarehe 9. Habari za wataalamu waliolitengeneza bomu hilo zimeandikwa katika vitabu visivyo idadi, nazo zimepata kuigizwa jukwaani na katika sinema. Miongoni mwa kazi hizo iko moja inayostahili kuangaliwa hasa na watu wa lugha, nayo ni opera iitwayo Doctor Atomic, ya mtungaji wa Kimarekani John Adams, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini San Francisco tarehe 1 Oktoba 2005.

Opera ni tamthilia ambayo wahusika wake huimba maneno yao badala ya kuyasema, huku kundi kubwa la wapiga ala likifuatana nao tangu mwanzo hata mwisho. Aghalabu maneno ya opera hutungwa na mshairi kwa kusudi la kuimbwa, na mshairi huyo huyapima na kuyapatanisha ili yamfae mwimbaji. Doctor Atomic haikufuata njia hiyo. Karibu maneno yake yote yalitolewa katika hati na mashairi yaliyokuwako kabla ya opera yenyewe: barua, taarifa za serikali, kumbukumbu za mikutano, masimulizi ya walioshuhudia, pamoja na mashairi ya nchi na karne mbalimbali. Kwa hiyo mtungaji wa muziki alikabidhiwa maneno ambayo mengi yake hayana vina wala mizani, naye akatakiwa ayatie sauti. Kazi yake yaleta swali ambalo haliwahusu wapenzi wa muziki peke yao: hati ikiimbwa, ni nini kinachoongezeka ambacho hati yenyewe haikukisema?

Asili ya opera hii ni wazo la Pamela Rosenberg, aliyekuwa mkurugenzi wa San Francisco Opera. Yeye alitaka ipatikane opera ya Kimarekani yenye kisa kama kile cha Faust, mtu wa hadithi za Ulaya aliyeuza roho yake apate elimu na uwezo, na aliona kwamba J. Robert Oppenheimer, mkuu wa maabara ya Los Alamos, angefaa kuwa mtu wa kisa hicho. Adams alizaliwa mwaka 1947, miaka miwili baada ya bomu, akakua katika siku ambazo watoto wa Marekani walifundishwa shuleni namna ya kujificha chini ya madawati bomu likija. Alikuwa amekwisha kutunga opera mbili juu ya mambo ya zama zake: Nixon in China mwaka 1987, na The Death of Klinghoffer mwaka 1991. Katika zote mbili mwandishi wa maneno alikuwa mshairi Alice Goodman, na mwongozaji wa jukwaa Peter Sellars. Goodman alianza pia kazi ya opera hii ya tatu, lakini alijitoa. Hapo Sellars akaacha kutafuta mshairi mwingine, akayakusanya maneno mwenyewe kutoka katika hati.

Kisa chenyewe ni kifupi. Sehemu ya kwanza yaanzia Los Alamos mwezi Juni 1945. Ujerumani imekwisha kushindwa, na baadhi ya wataalamu wanauliza kama ni haki kuitupia Japani silaha hiyo bila kuionya. Kijana Robert Wilson anataka mkutano wa kujadiliana; Edward Teller anayo barua inayohusu ombi la Leo Szilard, aliyetaka wataalamu watie sahihi kumwomba rais asilitumie bomu; Oppenheimer anawajibu kwamba mambo hayo yaachiwe walio Washington. Mwisho wa sehemu hiyo, na karibu sehemu ya pili nzima, ni usiku mmoja tu, yaani ule wa tarehe 15 kuamkia 16 Julai, ambapo bomu limetundikwa katika mnara jangwani, mvua ya radi inanyesha, na Jenerali Leslie Groves anamkaripia mtabiri wa hali ya hewa, Jack Hubbard, kana kwamba mawingu yatatii amri ya jeshi.

Msikilizaji anajua tangu mwanzo kwamba bomu litapasuka, kwa hiyo haiwezekani kumtia shauku kwa kumficha mwisho. Hamu yote imewekwa katika kungoja, na kungoja ni jambo ambalo muziki waweza kulionyesha kuliko maandishi. Hati huandika kwamba jaribio liliahirishwa kutoka saa 10 hadi saa 11 na nusu alfajiri. Muziki humfanya msikilizaji akae ndani ya muda huo na kuuhisi uzito wake.

Maneno yaliyokusanywa ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni nathari ya kazi, yaani lugha ya maabara, ya jeshi na ya ofisi. Namna ya pili ni ushairi. Mgawanyo wa namna hizi una maana. Wanaume wakiwa kazini, mbele ya wenzao, huimba nathari. Oppenheimer akiwa peke yake, au akiwa na mkewe Kitty chumbani, huimba mashairi. Kitty mwenyewe huimba zaidi maneno ya Muriel Rukeyser, mshairi wa kike wa Marekani aliyeishi zama hizo hizo. Uchaguzi huu haukutoka hewani, kwa kuwa Oppenheimer wa kweli alikuwa msomaji mkubwa wa mashairi. Alimpenda Baudelaire wa Ufaransa na John Donne wa Uingereza, na alipokuwa mwalimu huko Berkeley alijifunza Kisanskriti kwa mwanachuoni Arthur Ryder ili aweze kuisoma Bhagavad Gita katika lugha yake ya asili.

Yafaa kwanza kuangalia nathari inavyoimbwa. Adams ni mmoja wa watungaji waliokulia katika mtindo unaojengwa kwa kurudiarudia vipande vifupi vya sauti juu ya mapigo yasiyokoma, vikibadilika kidogo kidogo mpaka msikilizaji agundue kwamba amefika mahali pengine. Mtindo huu wafaa sana kwa maneno yasiyo na mizani. Shairi lenye mizani huja na mwendo wake, na muziki hulazimika ama kuufuata ama kuushinda. Nathari haina mwendo uliopangwa. Basi okestra hushika mapigo, na mwimbaji huyapandisha maneno juu yake karibu kama mtu anavyosema, silabi moja kwa noti moja, mkazo wa Kiingereza ukiangukia mahali pake pa kawaida. Matokeo yake ni kwamba hata kumbukumbu ya mkutano husikika vizuri, na aliyekaa mbali aweza kuelewa kinachonenwa.

Mbinu hiyo huleta pia kichekesho chenye uchungu. Usiku wa jaribio, Jenerali Groves, aliyepewa sauti nene ya kiume, anazungumza na Oppenheimer juu ya unene wa mwili wake na vyakula alivyojinyima. Anataja keki ya chokoleti na hesabu ya nguvu iliyomo ndani yake kwa uzito ule ule alioutumia kutoa amri za vita. Okestra haimcheki, yaendelea na mapigo yake ya wasiwasi. Msikilizaji ndiye anayebaki akijiuliza ni mtu wa namna gani awezaye kuhesabu vipande vya keki karibu na kitu cha kuangamiza mji. Kwa maandishi tupu maneno hayo yangekuwa porojo. Muziki unaoyazunguka ndio uliyoyageuza kuwa ushahidi wa jinsi jambo kubwa linavyofanywa na watu wa kawaida katika siku ya kawaida.

Namna neno moja linavyoweza kugeuza muziki mzima yaonekana katika wimbo wa kwaya unaofungua opera. Maneno yake yalichukuliwa katika taarifa ya Henry DeWolf Smyth, iliyotolewa na serikali ya Marekani Agosti 1945 kuwaeleza raia elimu iliyotumiwa kutengeneza bomu. Katika maonyesho ya San Francisco ya mwaka 2005 kwaya ilianza kwa kutangaza kwa nguvu ile kanuni ya zamani kwamba maada haiumbwi wala haiharibiwi, ila hubadilika umbo tu. Na nishati vivyo hivyo. Mwanafizikia mmoja wa Berkeley alipinga. Alisema kwamba kanuni hizo mbili, zikielezwa hivyo kila moja peke yake, si kweli, kwani tangu Einstein mwaka 1905 inajulikana kuwa maada na nishati hugeukiana, na ugeukaji huo ndio siri ya bomu lenyewe. Adams alikubali, akayarekebisha maneno. Katika maonyesho yaliyofuata kwaya inaanza kwa kusema kwamba watu waliamini hivyo, ndipo inaitaja kanuni ile ile.

Badiliko hili ni dogo kwa hesabu ya silabi, lakini kwa maana ni kubwa. Kwanza lilikuwa tamko la elimu, lisilo na msemaji wala wakati. Sasa ni ungamo: pana wasemaji, na pana wakati uliopita unaodokeza kwamba imani hiyo haipo tena. Msemaji wa Kiswahili atalitambua jambo hili upesi, kwa kuwa katika lugha yake neno moja tu, “tuliamini”, lingebeba wasemaji, wakati na tendo kwa pamoja. Kishindo cha kwaya sasa ni cha watu waliostuka kwa kupoteza msingi waliousimamia. Yaonekana hapa kwamba katika opera maneno na muziki havikai kama mzigo na mchukuzi: lililobadilishwa ni maneno, na kilichosikika upya ni muziki.

Sasa ndipo kwenye wimbo unaojulikana kuliko nyimbo zote za opera hii, ule unaofunga sehemu ya kwanza. Jukwaani hakuna mtu ila Oppenheimer, na mbele yake ni bomu. Maneno ni ya soneti ya John Donne, kasisi na mshairi wa Uingereza aliyeishi tangu 1572 hadi 1631. Soneti ni shairi la mishororo 14, na katika hii mwamini anamsihi Mungu wa Utatu asimbembeleze tena, bali amvunje kwa nguvu na kumfanya upya, kwa sababu moyo wake umetekwa na adui na hauwezi kujikomboa. Sababu ya kulichagua shairi hili ni ya historia: mwaka 1962 Groves alimwuliza Oppenheimer kwa barua asili ya jina Trinity, na katika jibu lake Oppenheimer alitaja mashairi ya Donne, likiwamo hili.

Muziki wa wimbo huu hautarajiwi na msikilizaji. Kwa muda wa saa nzima amezoea mapigo ya haraka, ala zinazogongana na nathari inayokimbia. Ghafla pote panatulia. Mahadhi yanakuja polepole katika ngazi ya huzuni, nayo yanakumbusha nyimbo za maombolezo za Ulaya ya karne ya 17, zama za Donne mwenyewe. Mwimbaji, ambaye ana sauti ya kiume ya kati iitwayo baritoni, anayavuta maneno, anayarudia, anapanda mpaka upeo wa sauti yake na kushuka tena. Kila anaponyamaza, okestra inaripuka kwa mwendo wa fadhaa, kana kwamba mtu yule anakimbizwa na kitu asichokiona. Kisha mahadhi yale ya polepole yanarudi. Gerald Finley, aliyeuimba kwanza San Francisco, aliuimba pia katika Metropolitan Opera ya New York mwaka 2008 na London mwaka 2009. Mtungaji aliuthamini kiasi kwamba alipoyafupisha mambo ya opera kuwa kazi ya okestra peke yake, Doctor Atomic Symphony ya mwaka 2007, mahadhi hayo aliyakabidhi tarumbeta.

Hapa ndipo swali la mwanzo linapokuwa zito. Hakuna hati inayosema kwamba Oppenheimer alisimama mbele ya bomu usiku ule akaomba avunjwe. Hati zinasema tu kwamba alikonda sana, alivuta sigara mfululizo na hakupata usingizi. Opera imechukua ukweli mmoja, yaani kwamba alilipenda shairi hili na kwamba jina la mahali lilihusiana nalo, ikamjengea juu yake saa ya toba. Muziki ni mzuri kupita kiasi, na uzuri humvuta msikilizaji amhurumie anayeimba. Yuko atakayesema kwamba huku ni kumtakasa mtu aliyetoa ushauri wa kutumia bomu juu ya mji wenye watu. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini yafaa kusikiliza kinachofanywa na okestra. Wimbo haumalizikii katika utulivu wa mtu aliyesamehewa. Mahadhi hurudi, fadhaa hurudi, na pazia laanguka bila jibu. Tena maneno yenyewe ni ya mtu asemaye kwamba hawezi kutenda alijualo kuwa jema. Alichofanya Adams ni kumpa Oppenheimer dhamiri inayosikika, kisha akamwacha aendelee na kazi ile ile katika sehemu ya pili. Hilo ni karipio kali kuliko lile ambalo lingemwonyesha hana dhamiri kabisa.

Kando ya wanaume hawa wapo wanawake wawili, na muziki wao ni wa namna nyingine. Kitty Oppenheimer ana mahadhi marefu yanayopindapinda, yasiyo na mapigo makali. Maneno ya Rukeyser anayoyaimba ni ya mapenzi, ya vita na ya wafu. Yeye ndiye anayeliona jambo kwa upana wake, lakini kwa lugha ya mafumbo ambayo hakuna aliye jangwani anayeisikia. Wa pili ni Pasqualita, mtumishi wa nyumbani, mwanamke wa kabila la Tewa, ambao ni wenyeji wa vijiji vilivyo jirani na Los Alamos tangu kabla ya Wazungu kufika. Anambembeleza mtoto wa Oppenheimer kwa wimbo wa jadi ya watu wake, ambao unazitaja pande za dunia moja baada ya nyingine na kuiita mvua pamoja na radi yake. Sauti yake ni ya chini, na wimbo hurudi tena na tena usiku ule.

Uwekaji wa wimbo huo una akili. Kule jangwani mvua ni kikwazo: Groves anaikasirikia, Hubbard anaiogopa, na wataalamu wanahofia radi isipige mnara. Katika wimbo wa Pasqualita mvua hiyo hiyo ni baraka inayoombwa ishuke kutoka pande zote. Neno ni moja, usiku ni mmoja, na maana ni mbili zinazopingana. Hakuna mhusika anayelieleza jambo hili kwa maneno. Muziki wa utulivu wa mlezi umewekwa karibu na muziki wa hofu wa askari, na msikilizaji anaachiwa kulinganisha.

Kadiri alfajiri inavyokaribia, mtungaji anaichezea saa. Dakika za mwisho kabla ya jaribio zinavutwa zikawa ndefu kuliko dakika za kweli. Kwaya inaimba maneno yaliyotolewa katika sura ya 11 ya Bhagavad Gita, ambamo Arjuna, askari aliyesita kupigana, anaonyeshwa umbo la Mungu lenye vinywa vingi na ukali usiotazamika. Juu ya okestra zinaongezwa sauti zilizonaswa kwa mitambo na kutolewa kwa vipaza sauti vilivyowekwa kuuzunguka ukumbi, zikiwa pamoja na milio ya injini na mashine. Hesabu ya kurudi nyuma yaanza. Kila mtu ukumbini anangoja kishindo.

Kishindo hakiji. Adams hakuandika mlio wa bomu. Okestra inafifia, na kutoka katika vipaza sauti yasikika sauti ya mwanamke asemaye Kijapani, akiomba maji na msaada. Haimbi, anasema. Baada ya saa tatu hivi za kuimba, maneno ya mwisho ya opera hayakutiwa muziki, na wala si ya Kiingereza. Kwa watu wa lugha uamuzi huu ndio kilele cha kazi nzima. Wote waliotengeneza bomu wamepewa mahadhi, mapigo na okestra. Aliyetengenezewa bomu amepewa maneno yake matupu, katika lugha ambayo wengi ukumbini hawaijui, nao wanaielewa.

Miaka 18 baadaye, Julai 2023, kisa hicho hicho kilitokea katika sinema ya Christopher Nolan iitwayo Oppenheimer, yenye muziki wa Ludwig Göransson wa Sweden, ambao ulipata tuzo ya Oscar Machi 2024. Kulinganisha kazi hizi mbili kwasaidia kuona jambo lililo la pekee katika opera. Göransson alimpa Oppenheimer fidla, ala ambayo yaweza kuhama kutoka utamu hadi kitetemeshi cha hofu kwa badiliko dogo la mkono. Na katika kipande kimoja cha muziki huo mwendo hubadilika mara 21, kuonyesha akili inayozidi kupata kasi. Kishindo cha Trinity katika sinema huchelewa: mwanga waonekana kwanza katika kimya, na mlio huja baadaye. Hili lina msingi wa elimu ya fizikia, kwa kuwa Oppenheimer alikuwa umbali wa kilomita 9 hivi kutoka mnarani, na sauti huhitaji karibu nusu dakika kuupita umbali huo. Hivyo sinema inatumia kimya kuufuata ukweli wa tukio lenyewe, kisha inautoa mlio. Opera inatumia kimya kuruka kutoka jangwa la New Mexico hadi mji wa Japani. Muziki wa sinema hukaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Ule wa opera hufunguka mwishoni umsikilize mtu wa mbali ambaye mtaalamu yule hakumwona.

Suala hili la nani apewe sauti halikuishia mwaka 2005. Mwaka 2018 opera ilionyeshwa Santa Fe, katika ukumbi usio na kuta za pembeni, ambao watazamaji wake wanaweza kuziona taa za Los Alamos kwa mbali usiku. Sellars alileta jukwaani wachezaji wa ngoma kutoka vijiji vya wenyeji, pamoja na watu wa sehemu zilizofikiwa na vumbi la jaribio, ambao familia zao zimeugua kwa miaka mingi. Wao hawakuimba maneno mapya. Walisimama mahali ambapo muziki ulikuwa umewaachia nafasi, na waliojua habari zao walisikia hati zile zile kwa sikio jingine.

Bado wapo wasiokuwamo. Urani iliyotumiwa katika kazi ile ya vita ilitoka kwa wingi katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyokuwa chini ya Ubelgiji. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alikwisha kupeleka New York zaidi ya tani 1,000 za madini hayo, yaliyokuwa na urani nyingi kuliko ya mahali popote palipojulikana, na jeshi la Marekani likayanunua mwaka 1942. Madini hayo yalichimbwa na kuchaguliwa kwa mikono ya Waafrika, katika nchi ambayo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya kazi na ya mitaa ya wachimbaji. Katika orodha ya wahusika wa Doctor Atomic hakuna mchimbaji. Sababu yake yafahamika kwa mantiki ya opera yenyewe, kwani ilijengwa kwa hati, na hati za Los Alamos hazikuwaandika watu hao. Kazi inayoundwa kwa maneno yaliyohifadhiwa hurithi pia ukimya wa waliohifadhi.

Hiki ndicho kipimo cha haki cha opera hii, na cha kila kazi ya sanaa itumiayo hati za kweli. Hati husema nini kilinenwa, na nani, na siku gani. Muziki huongeza uzito: huliinua neno moja na kuliacha jingine lipite, huonyesha hofu chini ya amri, huweka mvua ya baraka karibu na mvua ya kikwazo. Hauwezi kumsemea mtu ambaye hakuandikwa popote. Lakini unaweza kunyamaza kwa wakati wake, na katika kunyamaza huko ukampisha asikike. Kama ilivyotokea kwa yule mwanamke aombaye maji, ambaye kwa ajili yake okestra nzima iliziweka ala zake chini.